Sindano ya Askari na Zawadi ya Sikukuu

Idi au Krismasi inapowadia, askari wengi huwa zamu, mbali na jamaa zao. Wako wanaodhani kwamba asiye na fedha ya dukani hana la kupeleka nyumbani. Sisi tunaona vingine: mkono unaoshona vifungo vya sare waweza kushona zawadi.

Wala kushona si kazi ya wanawake peke yao. Baada ya kujeruhiwa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, askari zaidi ya 130 kutoka Uingereza, Kanada, Australia na Afrika Kusini walidarizi kitambaa cha madhabahu cha kanisa kuu la St Paul's, London. Kazi yao ingaliko hata leo.

Basi na tuanze na kitambaa cha mkono. Kata pamba nyeupe, inchi 12 kila upande. Kunja ukingo mara mbili ili nyuzi zisifumuke, upige pasi, kisha ushone kwa mishono midogo iliyo sawa. Pembeni andika kwa penseli herufi ya kwanza ya jina la umpendaye, uidarizi kwa uzi wa rangi. Usikaze uzi, kitambaa kisije kikajikunja. Anza mapema, kifurushi kipate kufika kabla ya sikukuu.

Kitambaa hakizibi pengo la asiyekuwapo siku ile. Hata hivyo, mama, mke au mtoto atakayekipokea atajua kwamba saa za mapumziko kambini zilitumika kumkumbuka yeye.