HALMASHAURI NI CHOMBO CHA NANI? SOMO KUTOKA ROMA HADI NEWALA

Kada wa Masasi au Newala hana budi kujiuliza: halmashauri ni mkono wa dola wa kutoza kodi, au ni sauti ya wananchi? Historia inatusaidia kulijibu swali hili.

Tuanze mbali. Kaisari Diocletian, aliyetawala Roma toka mwaka 284 hadi 305, aliigawa dola yake katika majimbo yapatayo 100, karibu mara mbili ya yale ya awali. Ngazi za maofisa wakubwa ziliongezeka, lakini kodi ilikusanywa na madiwani wa kila mji. Ikipungua, walilipa kwa mali yao wenyewe. Sheria ikawafunga wao na watoto wao katika kazi hiyo. Matajiri wakubwa walikimbilia utumishi wa Kaisari wakasamehewa mzigo; waliobaki wakawakamua wakulima. Diwani alikuwa na wajibu bila madaraka.

Ukoloni ulileta kwetu jambo la namna hiyo. Uwanda wa Makonde haukuwa na mfalme. Mambo ya kijiji yaliamuliwa na mkulungwa pamoja na wazee. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na juu ya majumbe wakaweka maakida. Mtafiti Karl Weule alipofika Newala mwaka 1906, alimkuta akida tayari. Akida huyo hakuchaguliwa na wakulima. Bwana wake alikuwa mkoloni. Waingereza nao, kwa Sheria ya mwaka 1926, walitaka kutawala kwa kupitia machifu, hata mahali ambapo machifu wakubwa hawakuwapo. Jina la mtozaji lilibadilika. Kazi yake haikubadilika.

Baada ya Uhuru, utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa. Shabaha ilikuwa kuwasogezea wananchi madaraka, lakini waliosogea hasa ni maofisa. Kosa hilo lilisahihishwa: sheria za mwaka 1982 zilizirudisha halmashauri, zikaanza kazi mwaka 1984. Leo Masasi na Newala kila moja ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya, na Katiba, katika ibara ya 146, inatamka kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Hata hivyo, sheria peke yake haitoshi. Juu ya uwanda wa Newala maji ni ya shida; kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabondeni kuyateka. Basi kipimo ni hiki: mkulima wa korosho akishalipa ushuru, je, ana kauli katika kuamua maji yafike kijiji gani kwanza? Kama anayo, hiyo ni halmashauri yake. Kama hana, akida amerudi, ila amevaa nguo mpya.