Uroho, Ukinaifu na Uzima: Maelezo Juu ya Msamiati wa Ulaji na Hali ya Nafsi Katika Kiswahili

Utangulizi

Katika jamii nyingi, namna mtu alavyo huchukuliwa kuwa dalili ya namna alivyo moyoni. Waswahili nao wana msamiati mpana unaohusu jambo hilo, lakini aghalabu maneno yake hufafanuliwa moja moja, kana kwamba hayajuani. Uroho huelezwa kuwa ni tamaa ya kula, kukinai kuwa ni kushiba mno, uzima kuwa ni kutokuwa na ugonjwa, basi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo hujenga mfumo mmoja wa fikira. Katika mfumo huo, ulaji kweli hufichua nafsi. Lakini kipimo chake si wingi wa chakula wala ukubwa wa mwili, bali ni uhusiano wa mlaji na wale anaokula nao. Tofauti hiyo si ndogo. Mfasiri wa maelezo ya afya, mwalimu, na mkalimani aketiye kati ya mgonjwa na daktari, kila mmoja wao akiipuuza aweza kumhukumu mtu ambaye lugha yenyewe haikumhukumu.

Upana wa kitenzi -la

Kitenzi -la ni cha asili ya Kibantu, na ndugu zake hupatikana katika lugha nyingi za jamii hiyo. Katika Kiswahili mtu hula wali, lakini pia hula kiapo, hula njama, hula rushwa na hula hasara. Na akiishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Ni rahisi kuziita semi hizi sitiari na kuziacha hapo. Hata hivyo, zikitazamwa pamoja huonekana kuwa na kiini kimoja: kitu kilichokuwa nje ya mtu kimeingia ndani yake, kimekuwa sehemu yake, wala hakitoki tena kwa urahisi. Anayetoa ahadi aweza kuisahau. Aliyekula kiapo amekitia mwilini, na akikivunja hudhuriwa kutoka ndani.

Mila ya undugu wa kuchanjiana, iliyokuwa ikifuatwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ilisimama juu ya mantiki hiyo hiyo. Watu wawili walichanjwa, na kila mmoja akala chakula kilichotiwa damu ya mwenzake. Baada ya hapo kumdhuru ndugu huyo kulikuwa ni kujidhuru. Hali kadhalika, kusema kwamba ofisa amepokea rushwa ni kueleza kitendo cha mkono, lakini kusema kwamba amekula rushwa ni kueleza pia kilichomfika yeye mwenyewe.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni ule wa kitenzi shiba kinapotiwa katika kauli ya kutendana. Rafiki wa kushibana si rafiki wa kulishana. Kiambishi -an- hakielezi kwamba kila mmoja alimpa mwenzake chakula, bali kwamba kila mmoja amemjaza mwenzake. Hivyo lugha imelichukua tendo la tumbo ikalifanya kipimo cha juu cha urafiki.

Roho na uroho

Neno roho limetoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili limepata makao katika mwili. Mtu hukabwa roho, yaani hubanwa koo. Na anapokufa hukata roho. Roho, basi, imewekwa mahali pale pale pumzi na chakula vinapopita.

Mofolojia ya neno hili ina jambo la kustaajabisha. Kiambishi awali u- hutumiwa kuunda nomino dhahania: utu kutokana na mtu, utoto kutokana na mtoto. Kwa kanuni hiyo ingetarajiwa kwamba uroho uwe na maana ya hali ya kuwa na roho, yaani ucha Mungu au maisha ya ndani. Haikuwa hivyo. Kazi hiyo imepewa kiambishi ki-, katika mambo ya kiroho, nao uroho umekuwa jina la tamaa, hasa tamaa ya chakula. Mroho ni yule ambaye roho yake imeachwa iongoze mkono. Huenda hapa pana maelezo mafupi ya maadili yaliyofichwa katika viambishi viwili: roho ikifuata njia yake huzaa ya kiroho, ikiachiwa koo, huzaa uroho.

Yafaa kuulinganisha uroho na maneno mawili jirani. Ulafi umeshikamana na kitenzi -la, nao hueleza ulaji wenyewe kuvuka mpaka. Uchoyo hueleza kumnyima mwingine. Umbo choyo, likichanganuliwa kuwa ki- na -oyo kwa kanuni ile ile inayotoa chumba katika ki- na -umba, humrudisha mchunguzi kwenye moyo. Mlafi hukosea kwa kinywa, mroho kwa jicho na tamaa, mchoyo kwa mkono uliofumbwa. Mtu aweza kuwa mchoyo naye hali ila kidogo. Tena aweza kula sana naye asiitwe mlafi, iwapo amelima kutwa na wenzake wameshiba.

Jambo hili huonekana wazi mezani, au tuseme jamvini, watu wanapolizunguka sinia moja la wali. Adabu ya pwani, iliyofungamana na mafundisho ya Kiislamu, humtaka kila mmoja ale upande wake, asivuke kuifuata nyama iliyo katikati. Mwenyeji huisukuma nyama hiyo kwa mgeni. Hapo hakuna anayehesabu matonge. Kinachoangaliwa ni mkono umeelekea wapi.

Fasihi ya kale nayo inalithibitisha hilo. Katika Utendi wa Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, walinzi wa gereza huutwaa mkate mzuri uliotumwa kwa Fumo Liyongo, lakini huudharau mkate wa wishwa na kumwachia. Ndani ya mkate huo mna tupa ya kukatia minyororo. Walinzi hawakushindwa kwa njaa. Walishindwa kwa kutaka kilicho cha mwingine, na kwa kudhani kwamba kisichovutia ulimi hakina kitu ndani yake. Katika utendi huo huo, maadui wa Liyongo huandaa kikoa cha kula makoma ili wapate kumwua. Ubaya wa njama hiyo huzidi kwa sababu kikoa, yaani kula kwa zamu na kwa ushirika, ndicho kielelezo cha kuaminiana.

Kukinai na kushiba

Neno kinai limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutosheka na kuridhika na ulichonacho. Katika Kiswahili maana hiyo imebakia katika ukinaifu, ambao ni sifa njema. Lakini kitenzi chenyewe kimepanuka kikabeba pia maana ya kuchoshwa na chakula: halua nyingi hukinaisha. Basi neno moja lashika kutosheka kunakosifiwa na kichefuchefu cha aliyepita kiasi. Mpaka kati ya hayo mawili haumo katika neno. Umo katika mlaji, ambaye ama alisimama mapema ama alichelewa kusimama.

Wanavyuoni wa pwani walikuwa na msingi wa kitabu kwa fikira hiyo. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka katika Ihya Ulum al-Din kitabu kizima juu ya kuyavunja matamanio mawili, la tumbo na la tupu, akaifanya njaa ya kiasi kuwa malezi ya nafsi. Saumu ya Ramadhani hufuata njia hiyo: kitenzi funga hakitaji chakula, na mafundisho husisitiza kwamba ulimi na jicho navyo hufungwa.

Hata hivyo, methali za Kiswahili hazikuigeuza njaa kuwa utakatifu. Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza: zote mbili humtoa mtu katika hali yake. Mwenye njaa hana miiko, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali ya kwanza kati ya hizi mbili humpunguzia lawama anayekosa. Ya pili humwongezea lawama anayehukumu. Kwa hiyo asemaye kwamba ulaji wa mtu hufichua nafsi yake hana budi kuuliza kwanza kama mtu huyo alikuwa na cha kuchagua.

Urithi wa tiba ya kale

Uhusiano wa chakula, mwili na tabia uliwahi pia kuelezwa kwa nadharia ya tiba. Tiba ya Kiyunani, iliyoendelezwa na waganga wa ulimwengu wa Kiislamu kama Ibn Sina na kufika pwani ya Afrika Mashariki, ilifundisha kwamba mwili una maji manne: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kila moja lilikuwa na sifa za joto au baridi, ya umajimaji au ukavu. Na vyakula navyo viligawanywa hivyo hivyo. Yakilingana, mtu huwa na afya na tabia njema. Yakizidiana, mwili huugua na moyo huharibika.

Nadharia hiyo imekwisha kuachwa na sayansi, lakini imeacha mabaki katika lugha. Ugonjwa wa viungo huitwa baridi yabisi, yaani baridi na ukavu, sifa mbili zile zile za nyongo nyeusi. Neno tabia hutumika kwa mwenendo wa mtu na pia kwa hali ya hewa, katika tabia ya nchi, kwa kuwa asili yake ni maumbile ya kitu chochote.

Neno lenye mafunzo makubwa kuliko yote ni safura. Katika Kiarabu lilitaja nyongo ya manjano, ambayo kwa nadharia ile ilileta hasira na ukali. Katika Kiswahili limekuja kutaja ugonjwa wa upungufu wa damu uletwao na minyoo, ambayo aghalabu huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu isiyo na viatu. Mwenye upungufu wa madini ya chuma aweza kushikwa na hamu ya kula udongo. Mtazamaji asiyejua humwona hana haya wala kiasi. Kumbe hamu ile haikutoka katika nafsi. Imetoka katika damu iliyonyonywa. Neno lililoanza likieleza hulka ya mtu limeishia kumtaja mnyoo, na safari hiyo ya maana ni onyo kwa kila anayesoma moyo wa mtu katika mwili wake.

Uzima na mwili unaoonekana

Mzizi -zima una maana ya kukamilika. Siku nzima ni siku isiyopunguka; mtu mzima ni aliyefikia ukamilifu wa umri; na aulizwaye kama yu mzima huulizwa kama hakuna kilichopunguka kwake. Swali hilo halitenganishi mwili na moyo, wala jibu lake halitenganishi. Ndiyo sababu aliyefiwa, ingawa hana homa, husita kusema kwamba yu mzima.

Lugha hukiri pia kwamba majonzi hupita mwilini. Maneno makali hukata maini. Mwenye mawazo hukonda. Mwenye furaha hunawiri, kama mmea uliopata mvua. Zamani kumwambia mtu kwamba amenenepa kulikuwa ni kumsifu, maana unene ulidhaniwa kuwa dalili ya amani ya nyumbani. Siku hizi, ugonjwa wa sukari na shinikizo la damu vinapojulikana zaidi, sifa hiyo inaelekea kugeuka shutuma. Lakini sifa ile na shutuma hii zina kosa moja: zote mbili humsoma mtu kwa umbo.

Kusema kwamba moyo huugusa mwili ni jambo moja. Kusema kwamba mwili humshtaki mwenyewe ni jambo jingine, na msamiati uliochunguzwa hapa haukuivuka hatua hiyo. Mwana Kupona aliutunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwusia binti yake. Udhaifu wa mwili wake haupunguzi neno hata moja la hekima yake. Bali ndio uliompa haraka ya kuusia.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili huuona ulaji kuwa mlango wa nafsi, lakini huuchungulia mlango huo kutoka upande wa jirani: nani alinyimwa, nani alisubiriwa, mkono wa nani ulivuka sinia. Hakuna neno kati ya uroho, ulafi na uchoyo linalotaja uzito wa mwili.

Kutokana na hayo, mambo mawili yafaa kuzingatiwa. La kwanza ni la wanakamusi: fasili za maneno haya zitaje uhusiano wa mlaji na wenzake, si wingi wa chakula peke yake. La pili ni la wafasiri na wakalimani wa mambo ya afya. Mgonjwa asemaye kwamba moyo wake hautaki chakula, au kwamba chakula hakipiti, huenda anaeleza huzuni nzito, wala si maradhi ya koo. Na neno ulafi lisiwekwe katika maelezo ya ugonjwa wa sukari kana kwamba ni jina la chanzo chake. Aina ya kwanza ya ugonjwa huo hutokea kinga ya mwili inapoziangamiza seli za kongosho zitengenezazo insulini, nayo huwapata hata watoto wadogo ambao hawakumpunguzia mtu yeyote tonge lake. Kumwita mtoto huyo mlafi ni kosa la tiba. Na kwa mujibu wa Kiswahili chenyewe, ni kosa la lugha pia.