Pumzi ya mtoto inasema nini?

Umekwisha kusikia kifua cha mtoto kikilia usiku kama filimbi? Hapa Ruashi wazazi wengi wanakijua kilio hicho, zaidi wakati wa kiangazi, mavumbi yakipanda njiani na moshi wa mbabula ukijaa nyumbani. Ugonjwa huo ni pumu. Wengine tunauita asima. Mtoto anakohoa, anakosa usingizi, anapewa dawa. Kiisha siku mbili tatu anacheza mpira na wenzake. Basi mama anasema: "Mutoto amepona, tuweke dawa pembeni."

Hapo ndipo hatari inaanza.

Ndani ya kifua

Katika pumu, njia ndogo ndogo za hewa ndani ya mapafu zinavimba. Mtoto anaweza kucheka na kukimbia, kumbe uvimbe ungali pale. Ukija moshi, vumbi ao mafua, njia zinafunga.

Nani atauona uvimbe huo? Mwaka 1991 wataalamu wa Uswidi walitambua kwamba pumzi ya mtu inatoka na gazi kidogo sana, jina lake monoksidi ya azoti. Mwaka 1993 wakaonyesha kwamba kwa watu wa pumu gazi hii ni nyingi zaidi. Juu ya nini? Njia za hewa zikivimba kwa pumu, zenyewe zinaitengeneza kwa wingi.

Siku hizi kuna masini ya kuipima. Hakuna sindano, hakuna damu. Mtoto anavuta hewa, kiisha anapuliza polepole bila kukata, sekunde 6. Mkubwa anapuliza sekunde 10. Kwa mtoto wa chini ya miaka 12, hesabu ya chini ya sehemu 20 katika miliari ya hewa ni kidogo. Ikipita 35, ni alama kwamba uvimbe upo na dawa ya kuutuliza inaweza kumsaidia. Lakini hesabu peke yake haitoshi: munganga anaisoma pamoja na habari zote za mtoto.

Na sisi tusio na masini?

Masini hiyo ni ya bei kali, na si kila hospitali inaweza kuinunua. Hata ugonjwa wenyewe mara nyingi haujulikani. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024, wa wanafunzi zaidi ya 27,000 katika miji 6 ya Afrika, Kampala ukiwamo, ulionyesha kwamba kati ya wenye alama za pumu, mmoja tu katika watano alikuwa ameambiwa na munganga kwamba anayo.

Basi, mzazi, jiulize juu ya majuma 4 yaliyopita: Mtoto aliamka usiku kwa kukohoa? Kifua kilimsumbua zaidi ya mara mbili kwa juma? Alitumia pompi ya kufungua kifua zaidi ya mara mbili kwa juma? Aliacha kucheza kwa sababu ya pumzi? Ukijibu ndiyo hata mara moja, umpeleke kwa munganga.

Ujue pia kwamba pompi ni za namna mbili. Moja inafungua kifua mara moja, lakini haiondoi uvimbe. Nyingine inatuliza uvimbe. Inatumiwa kila siku kama munganga alivyoagiza, hata mtoto akionekana mzima. Usiikate bila kumwuliza. Baada ya kuitumia, mtoto asukutue kinywa.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta pompi vizuri? Twaa chupa ya plastiki ya nusu litre, safi na kavu. Toboa kitako chake, tundu lienee kinywa cha pompi. Mtoto anashika mdomo wa chupa. Unafinya mara moja, naye anavuta polepole mara kadhaa. Wataalamu wa Afrika ya Kusini walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa hiyo inasaidia kama chombo cha kununua.

Lakini mtoto akishindwa kusema, mbavu zikizama ndani ao midomo ikigeuka rangi, usingoje asubuhi. Mpe pompi ya kufungua kifua, na mwende hospitali palepale. Mbabula nayo, tangu leo, ipikie nje.