GEMU INAPOKWAMA NA SAUTI KUKWARUZA: KISA CHA KOMPYUTA YA KAKA

Mwaka huu nimeweka kando ngano na mashairi ili niandike juu ya jambo lililokaribia kuwakosanisha ndugu wawili wa tumbo moja. Jambo lenyewe ni kompyuta iliyokuwa ikicheza gemu za zamani polepole kama kobe, huku sauti ikikwaruza kama bati linaloburutwa barabarani. Wanafunzi wenzangu wameniuliza sana kuhusu kisa hiki, manake wengi wana tatizo kama hilo kwa simu zao. Na kuuliza si ujinga. Basi tegeni masikio.

Mimi hukaa Ruiru na kusoma Thika, kwa hivyo kila siku ya shule napanda matatu, tunapita Juja, na jioni narudi vivyo hivyo. Nauli hutolewa na kaka yangu mkubwa. Kaka ana meza ya kuwachapia watu barua na fomu mtaani kwetu, kando ya barabara ya vumbi. Kompyuta yake aliinunua Thika ikiwa imeshatumika. Mchana ni ya kazi, na jioni Kaka huturuhusu, mimi na watoto wa jirani, kucheza gemu za zamani bila malipo.

Gemu hizo zilitengenezewa mashine nyingine kabisa. Famicom ya kampuni ya Nintendo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1983, na Super Mario Bros. ikafuata mwaka 1985. Kompyuta ya leo haielewi amri za mashine ile, kwa hivyo huwekwa programu iitwayo emuleta. Emuleta inasoma amri iliyoandikiwa prosesa ya zamani, inaigeuza, kisha inachora picha na kutoa sauti vile mashine ile ingefanya. Ni kama mkalimani kanisani. Mhubiri anasema kwa Kiingereza, naye anageuza kwa Kikuyu papo hapo. Mkalimani akikwama, kanisa zima linakwama naye.

Sasa likizo ya Aprili ilipofika, Mario alianza kutembea kama mtu aliyezama kwenye matope, na wimbo wake ukawa kama wa matanga. Siku chache baadaye sauti nayo ikaanza kukwaruza, hasa alasiri. Kaka alikasirika. Akaenda Thika kwa mzee aliyemuuzia, akamwambia mbele ya wateja kwamba amemuuzia mzoga. Mzee akakana. Kaka akarudi nyumbani amenuna, akakubaliana na fundi mmoja aichukue kwa shilingi 3,000, akatoe vipuri. Fundi angekuja Jumamosi. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nilijua kompyuta ikienda, meza ya kuchapa imeenda, na nauli yangu pia. Nikaanza kutafuta dawa. Siku hiyo ya kwanza nilibadilisha mambo matano kwa mpigo. Gemu ikawa mbaya zaidi, na sikujua ni lipi kati ya matano lililoiharibu. Haraka haraka haina baraka! Kesho yake nikamwendea mwalimu wetu wa Fizikia, ambaye huwa shuleni hata wakati wa likizo. Akaniambia, "Badilisha kitu kimoja. Pima. Andika. Kisha ukirudishe kabla ya kugusa kingine." Nikanunua daftari.

Kipimo cha kwanza kilikuwa saa. Rafiki yangu ana gemu ileile kwenye simu yake na inaenda vizuri. Nikapima kipande kimoja cha wimbo. Kwenye simu kilichukua sekunde 30, na kwenye kompyuta ya Kaka kikachukua 36. Kisha nikawasha hesabu ya fremu, yaani idadi ya picha zinazochorwa kila sekunde. Asubuhi ilionyesha 50, haipandi wala haishuki.

Tazameni hesabu hiyo. 30 kwa 36 ni sawa na 50 kwa 60. Televisheni za zamani hapa Kenya zilitumia mfumo wa PAL, unaochora skrini mara 50 kwa sekunde. Japani na Marekani zilitumia NTSC, ambao huchora karibu mara 60. Gemu nyingi za enzi zile hazikuhesabu mwendo kwa saa, zilihesabu kwa fremu. Kila fremu moja Mario husogea kiasi fulani, na wimbo vilevile. Ukiichukua gemu iliyotungwa kwa fremu 60 ukaiendesha kwa 50, kitu cha sekunde 60 kitachukua sekunde 72. Kompyuta haikuwa imechoka hata kidogo. Ilikuwa inatii amri.

Hapo jasho likanitoka, kwa sababu amri hiyo niliitoa mimi. Mwanzoni mwa likizo niliingia kwenye mipangilio ya emuleta, nikaona pa kuchagua NTSC au PAL. Nilikuwa nimesikia kwamba Kenya ni PAL. Nikajiona mjuaji, nikabonyeza PAL. Gemu ilipoanza kukokota sikujua kama hilo ndilo kosa, lakini nilijua nimegusa, na sikusema. Kaka alipokuwa akimlaumu mzee wa watu, mimi nilikuwa nakunywa chai kimya.

Nikarudisha NTSC. Saa ikasema sekunde 30. Lakini kufika alasiri, sauti ikakwaruza tena! Kumbe kulikuwa na makosa mawili, na moja lilikuwa limejificha nyuma ya jingine.

Ili muelewe la pili, fikirini tangi la maji nyumbani. Maji ya mfereji yanaingia kwa juu na mfereji wa jikoni unatoa kwa chini. Kadi ya sauti ni ule mfereji wa jikoni uliofunguliwa bila kufungwa. Kwa kawaida hutaka vipimo vya sauti 44,100 kila sekunde. Emuleta ikitoa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu lazima ilete vipimo 735. Vipimo hivyo humwagwa kwanza kwenye akiba, ambayo mafundi huiita bafa. Hiyo ndiyo tangi yetu. Emuleta ikichelewa kidogo, bafa inasaidia. Ikichelewa sana, tangi linakauka, na ule mlio wa "trrr" ndio sauti ya mfereji mtupu.

Nikakaa na daftari. Nilipowasha tu, fremu zilikuwa 60 na sauti safi. Baada ya dakika 20, fremu 52. Baada ya dakika 40, fremu 45. Pigeni hesabu: 45 mara 735 ni 33,075. Pengo ni vipimo 11,025 kila sekunde, yaani robo nzima! Kuongeza bafa hakungesaidia, manake tangi kubwa haliwezi kuziba upungufu usioisha. Litakauka tu, ingawa kwa kuchelewa.

Lakini kwa nini kompyuta ichoke kadiri inavyokaa? Nikaweka kiganja upande wa sanduku. Lilikuwa moto na feni ilikuwa inanguruma. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Na meza ya Kaka iko kando ya barabara ya vumbi.

Kompyuta haikuwa yangu, kwa hivyo singeweza kuifungua bila ruhusa. Na ruhusa singeipata bila kusema yote. Ijumaa jioni nikamwendea.

"Kaka, nina neno."

"Sema."

"Ile polepole ya kwanza ilikuwa mimi. Niligusa mipangilio nikanyamaza."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Ningependa angenigombeza. Kisha akauliza, "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaninyima nauli."

"Nauli ningekunyima vipi na wewe ndiye ninayekusomesha? Lakini yule mzee wa Thika nimemtusi bure."

Tulifungua kompyuta pamoja. Tuliizima na kuchomoa waya wa stima. Tukagusa chuma cha sanduku kwanza ili umeme tuli wa mwilini usiharibu vipande vya ndani. Kaka akaizuia feni kwa kidole isizunguke, mimi nikapangusa kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu. Vumbi lilitoka kwa vifurushi kama sufi. Tulipoiwasha ilikaa kwenye 60 saa nzima, na sauti ikawa safi. Fundi alipokuja Jumamosi akapewa chai, akarudi mikono mitupu. Halafu Kaka na mimi tukapanda matatu hadi Thika kumwomba mzee msamaha. Kaka aliomba mbele ya wateja, kwa kuwa mbele ya wateja ndipo alipomtusi. Mimi nikaeleza sehemu yangu. Mzee alicheka tu, akasema hata yeye angeuliza kwanza kama tumeisafisha.

Sasa, mpenzi msomaji, nimekukusanyia dalili na dawa kutoka kwenye daftari langu:

1. Gemu polepole, sauti safi, hesabu imetulia kwenye 50. Angalia mipangilio ya PAL na NTSC. Usinunue chochote.

2. Gemu polepole, sauti inakwaruza, hesabu inapanda na kushuka. Mashine imelemewa. Funga programu nyingine, pima joto, ondoa vumbi. Kama ni simu au laptopu, angalia kama imejiweka katika hali ya kuokoa chaji. Stima ikipotea laptopu nyingi hupunguza kasi.

3. Mwendo sawa, lakini sauti inakwaruza mara mojamoja. Kwanza jaribu hedfoni, isije ikawa ni spika iliyopasuka. Kisha ongeza bafa kidogo kidogo, kama milisekunde 10 kila mara, na uachie hapo inaponyamaza.

4. Sauti safi lakini inachelewa. Unaruka, halafu mlio unakuja baadaye. Bafa ni kubwa mno. Bafa ya milisekunde 200 ni sehemu ya tano ya sekunde, na sikio linaijua. Hedfoni za Bluetooth pia huchelewesha, kwa hivyo jaribu za waya.

5. Gemu inakimbia mno. Huenda kizuizi cha kasi kimezimwa, au emuleta inafuata skrini inayochora mara 75 kwa sekunde, na hapo sekunde 60 zinakuwa 48. Baadhi ya gemu za kompyuta za zamani zilijipima kwa kasi ya prosesa yenyewe, na ile ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa ya megahezi 4.77 tu. Kwa hizo kuna programu ya DOSBox. Bonyeza Ctrl na F11 kupunguza mwendo, Ctrl na F12 kuuongeza.

Dalili ya sita haimo kwenye mashine. Ni mtu aliyegusa kitu akanyamaza. Huyo humfanya fundi atafute ugonjwa mahali usipokuwapo, na humfanya asiye na hatia alaumiwe. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nimeongeza kwenye jalada la daftari langu: ukigusa, andika, ukikosea, sema.

Kalamu yangu inakaribia kuishiwa na wino, na matatu ya Ruiru haingoji mtu. Kwaherini, tuonane toleo lijalo Mungu akipenda.