MCHANGO WA PENSHENI NA KODI YA MSHAHARA: UFAFANUZI KWA WATUMISHI WA UMMA

Watumishi wa umma wa Kata ya Gare, Wilaya ya Lushoto, wakiwemo walimu, wauguzi, maafisa ugani na watendaji wa vijiji, huona katika hati zao za mshahara makato mawili yanayofuatana: mchango wa pensheni na kodi ya mapato. Wengi huyahesabu kuwa mizigo miwili iliyo mbalimbali. Inafaa ieleweke kwamba kato la kwanza hulipunguza la pili.

Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF) ulianza kazi tarehe 1 Agosti, 2018, baada ya kuunganishwa mifuko minne ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kwa mujibu wa sheria yake ya mwaka 2018, mchango ni asilimia 20 ya mshahara wa msingi: mtumishi hutoa asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, nayo inaruhusu mchango wa mtumishi kwa mfuko uliokubaliwa uondolewe kwanza katika mapato yake, ndipo kodi ikokotolewe juu ya kinachobaki.

Chukuliwe mfano wa mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 kwa mwezi, asiye na posho. Mchango wake ni shilingi 40,000, na mapato yanayotozwa kodi ni shilingi 760,000. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai, 2021, kodi yake ni shilingi 68,000. Lau kodi ingetozwa juu ya shilingi 800,000 zote, angelipa shilingi 78,000. Kwa hiyo nafuu yake ni shilingi 10,000 kila mwezi, sawa na shilingi 120,000 kwa mwaka.

Maana yake ni kwamba mchango wa shilingi 40,000 umempunguzia mwalimu huyo fedha za mkononi kwa shilingi 30,000 tu. Wakati huo huo mwajiri ameweka shilingi 120,000 kwa jina lake, na fungu hilo halikatwi katika mshahara wake. Jumla ya akiba ya mwezi ni shilingi 160,000.

Nafuu hii hailingani kwa watumishi wote, kwa kuwa viwango vya kodi hupanda kadiri mapato yanavyopanda. Mwenye mshahara wa shilingi 500,000, ambaye kiwango chake cha juu ni asilimia 8, huokoa shilingi 2,000. Mwenye shilingi 1,200,000, aliyefikia kiwango cha asilimia 30, huokoa shilingi 18,000.

Aidha, si kila kato hupunguza kodi. Marejesho ya mkopo wa elimu ya juu, ada ya chama cha wafanyakazi na marejesho ya mkopo wa ushirika wa akiba na mikopo hutolewa katika fedha ambazo tayari zimetozwa kodi. Posho zinazotozwa kodi nazo huongeza kodi bila kuongeza mchango, kwa kuwa mchango hukokotolewa juu ya mshahara wa msingi peke yake.

Kila mtumishi anashauriwa kuihakiki hati yake ya mshahara. Achukue jumla ya malipo yanayotozwa kodi, atoe mchango wake wa pensheni, kisha aangalie kama kodi iliyokatwa inalingana na kiasi kilichobaki. Akiona tofauti, awasiliane mapema na ofisi ya utumishi ya Halmashauri.

Vilevile ahakikishe kwamba michango inaonekana katika taarifa yake ya uanachama. Kodi iliyopungua ni faida ya mwezi mmoja. Ama pensheni ya kila mwezi huhitaji michango isiyopungua miezi 180. Mwezi usioandikwa leo huweza kumgharimu mtumishi siku ya kustaafu.