Kilomita Hazitakuambia Kama Ununue Land Cruiser

"Limetembea kilomita ngapi?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila anayekuja kwangu akitaka kununua Land Cruiser au Prado lililotumika, na kwa wengi ndilo la mwisho. Akitajiwa 120,000 anatabasamu. Akitajiwa 350,000 anaaga. Nimeshalijibu swali hili mara nyingi mno, na leo nalijibu kwa wote: namba hiyo peke yake haitoshi kuamulia mamilioni ya shilingi.

Kwanza, ni rahisi kuichezea. Kwenye magari ya zamani, waya wa spidomita ukichomolewa hesabu inasimama huku gari likiendelea kupiga kazi. Kwenye yale ya tarakimu za kielektroniki, mtu mwenye kifaa chake anaandika namba aitakayo kwa dakika chache. Hata bila hila, gari likivishwa matairi makubwa kuliko ya kiwandani linahesabu pungufu.

Haya, tuseme namba ni ya kweli. Bado haipimi uchakavu. Injini inachakaa kwa saa ilizofanya kazi na namna ilivyofanya kazi. Chukua kalamu. Gari linalokwenda wastani wa kilomita 80 kwa saa kwenye lami, Dar es Salaam hadi Mwanza na kurudi, likifikisha kilomita 320,000 injini yake imefanya kazi saa 4,000. Gari la watalii Serengeti, ambako mwisho wa kasi inayoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, likienda wastani wa 25 linafikisha saa 4,000 hizo hizo kilomita zikiwa 100,000 tu. Na saa zake ni ngumu zaidi. Injini inawaka gari limesimama wageni wakitazama simba. Vumbi linaingia kila mahali. Barabara ya changarawe iliyojaa makunyanzi inazitikisa bushi, shokapu na chasi kutwa nzima. Mnunuzi wa kilomita ataliita hili bado jipya, na lile la lami ataliita limechoka. Amekosea kote kuwili.

Kuna mkanda wa taimingi pia. Kwenye injini ya 1HZ, ile ya dizeli ya lita 4.2 na silinda sita inayosifiwa kwamba haifi, mkanda huo unabadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Gari la kilomita 110,000 ambalo mkanda wake haujawahi kuguswa ni hatari kuliko la 350,000 lililobadilishiwa mara tatu.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba imani hii ndiyo inayolisha udanganyifu. Muuzaji mkweli mwenye gari la kilomita 350,000 anakosa mteja. Aliyeirudisha namba nyuma anauza siku hiyo hiyo, tena kwa bei ya juu. Anayeugharamia udanganyifu huo ni mnunuzi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama gari limetoka Japani, dai hati yake ya kusafirishwa nje, kwa kuwa huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. Omba risiti za matengenezo. Nenda ulikute gari likiwa limepoa, uliwashe mwenyewe. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha mengi. Moshi wa bluu au mweupe usiokoma ni dosari. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwaka: ikipumua kwa nguvu, ringi zimekwisha. Angalia kama maji ya rejeta yana mafuta, hasa kwenye Prado lenye 1KZ-TE, ambalo silinda hedi yake inajulikana kwa kupasuka likichemsha. Ingia chini na tochi, utafute kutu, nyufa na alama za kuchomelea kwenye chasi, hasa kama gari limekatwa na kurefushwa kwa ajili ya watalii. Ingiza foo-wili, nyepesi na nzito, uendeshe. Mlipe fundi wako, asiwe wa dalali, apime mgandamizo wa silinda zote.

Chasi iliyopasuka, injini inayopumua, gari lililowahi kuchemsha: ondoka, hata bei ikishushwa. Bushi, shokapu, nozeli, klachi: hesabu gharama yake na uikate kwenye bei. Mkanda usio na rekodi: ubadilishe kabla ya safari ya kwanza. Na usimalize fedha zote kwenye kununua, maana gari la umri huu litakudai matengenezo mwaka huo huo.

Ukiwekewa Land Cruiser la kilomita 350,000 lenye risiti zake na chasi nzima, na jingine la 120,000 lisilo na karatasi hata moja, nunua la kwanza.