"Piga" kwa mwanafunzi Mchina

Mchina anayejifunza Kiswahili huko Kolwezi, ambako mkataba wa Kongo na China wa mwaka 2008 ulizaa kampuni ya Sicomines, hukutana na kitenzi "piga" mapema sana. Kamusi humwambia kwamba kupiga ni kuchapa. Kesho yake anasikia watu wakipiga simu, wakipiga pasi na wakipiga magoti, na hakuna aliyeumia. Je, akariri maana ngapi?

Hana haja ya kukariri orodha. Katika matumizi hayo "piga" ni kitenzi chepesi: huonyesha kwamba tendo limefanyika, na nomino inayofuata ndiyo hubeba maana. Kifaransa hufanya vilevile kwa nomino "coup", yaani pigo: "coup de téléphone" ni kupiga simu, "coup de fer" ni kupiga pasi.

Kichina nacho kina kitenzi "dǎ", ambacho maana yake ya msingi ni kupiga. "Dǎ diànhuà" ni kupiga simu, "dǎ gǔ" kupiga ngoma, "dǎ zhēn" kupiga sindano, "dǎ pēntì" kupiga chafya. Mwalimu aanzie hapo, kwenye kile ambacho mwanafunzi anacho tayari.

Kisha aonyeshe mahali lugha hizi zinapoachana. Kura, kwa Kichina, hutupwa: "tóupiào". "Dǎ shuǐ" ni kuteka maji, lakini mtaani Nairobi aliyepiga maji amekunywa pombe. "Dǎ gōng" ni kufanya kazi ya ujira.

Hapa Katanga kuna ugumu mwingine. Wengi wetu hutamka g kama k, hata "piga" na "pika" zikasikika sawa. Na kwa kuwa g ya Kichina yenyewe ni sighuna, sikio la mwanafunzi halimsaidii kutofautisha.

Jambo hili lina uzito kazini. Mfanyakazi wa mgodi "amepigwa": ni ugomvi. "Amepigwa na umeme": ni ajali. "Amepigwa sindano": ametibiwa. Mkalimani anayetafsiri kitenzi kabla ya kusikia neno linalokifuata anaweza kuita polisi wakati anayehitajika ni muuguzi. Wengi wetu tutafanya kazi hiyo ya ukalimani. Basi tujifunze, na tufundishe, "piga" pamoja na nomino yake.